Doa la Upande wa Kushoto

Kambini, Ngorongoro
Jumatano, 9 Juni 2004

Mpenzi Verediana,

Salaam nyingi. Huku ukingoni ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Wageni wanatoka Ulaya kuja kutazama kreta, wanaishia kutazama weupe. Mimi mzima.

Flopi hii anakuletea Kasaine, dereva wetu. Ina picha tatu. Mbili ni za wafanyakazi wa kambi, meneja anataka mzitoe hapo studio kwa ajili ya ubao wa mapokezi. Ya tatu ndiyo yetu. Ni ya siku niliyopewa baraka nyumbani Nainokanoka, mama akiniombea. Niliazima kamera ya kambi. Mzee Metui, baba yangu, alishangaa kuona picha inatokea hapo hapo mgongoni mwa kamera, akataka na ng'ombe wake waonyeshwe.

Baba yako alisema hamtoi binti yake kwa watu ambao mama wa kijana hajatamka neno, na kwa kuwa mguu wake haujaunga hawezi kupanda gari kuja huku, basi apelekewe hata picha aone kwa macho yake. Picha ndiyo hiyo. Isafishe, maana kulikuwa na moshi, uitoe kubwa umpelekee Marangu. Akiridhika, arusi mwezi wa tisa.

Kamera nimeshairudisha na meneja amefuta kila kitu, kwa hiyo usiipoteze flopi.

Wako,
Koinet


Karatu
Jumanne, 15 Juni 2004

Mpenzi wangu wa ukunguni,

Flopi imefika salama, Kasaine naye alifika salama, alikula chapati zangu tatu akasema utamlipia wewe.

Picha za kambi zimetoka vizuri. Ile yetu niliikalia mchana kutwa. Mama yako nimempenda, Koinet! Amesimama kulia na shuka lake la bluu, shanga zimemjaa shingoni, uso umekunjamana kama wa mtu aliyezika na kuzaa na kuzika tena. Tangu tumefahamiana unaniambia tu "mama yupo, mama mzima", hujawahi kunieleza hata urefu wake. Mwambie mkwe wake anamsalimia.

Upande wa kushoto kulikuwa na doa. Sijui ni moshi, sijui ni kitu gani. Nimelikata. Lilikuwa limekugusa kichwani, hapo ndipo nilipopata kazi, ikabidi nifute kidogo kidogo kwa rangi ya ukuta wa nyumba mpaka kichwa chako kikabaki chako. Noel akasimama nyuma yangu akauliza inakuwaje picha moja inamaliza siku nzima. Yeye ndiye mwenye studio, ana haki ya kuuliza. Nikamwambia natoa uchafu.

Hivi, huko kwenu kuna wasichana wengi siku hizi? Nauliza tu. Nasikia wakipata habari kwamba mtu wa kambini anarudi nyumbani wanajipaka mafuta na kuja kusimama karibu karibu. Usinijibu kama hutaki.

Jumamosi nakwenda Marangu na picha. Flopi nakurudishia uone kazi ya mikono yangu. Vaa sweta nililokufumia, sikulifuma likae kwenye begi.

Wako peke yako,
Vere


Kambini, Ngorongoro
Jumatano, 23 Juni 2004

Verediana,

Flopi nimeipata. Niliifungua kwenye kompyuta ya mapokezi, na mwanzo nilidhani mashine imerogwa. Ukifungua folda, kabla hujagusa kitu, picha zinajipanga ndogo ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Kwenye ile ndogo tupo watatu. Nikibonyeza ifunguke, tupo wawili. Nikafunga, nikafungua tena. Watatu, halafu wawili. Mpishi akasema hicho ni kirusi kinachokula watu, tuzime haraka kabla hakijamfikia meneja.

Kuna mgeni hapa, Mholanzi, kwao anafanya kazi za kompyuta. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akanieleza kwamba programu mnayotengenezea picha hapo studio ina tundu. Kamera ikipiga picha inaweka na nakala ndogo humo ndani, imejificha. Wewe ukija ukakata ile kubwa na kuihifadhi, programu inasahau kubadilisha ile ndogo, inaiacha kama ilivyozaliwa. Kwa hiyo ukimpa mtu picha uliyoikata, unampa na ulichokikata. Alisema waliotengeneza programu hiyo hawakulifikiria hilo, na watu wenye siri wanatakiwa waogope.

Doa ulilolifuta ni mama yangu. Anaitwa Naishorua. Yule bibi wa kulia uliyempenda ni Nanyokie, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi akasimama kutazama.

Mkono uliokuwa kichwani kwangu ulikuwa na maziwa ya baraka. Umeufuta kwa rangi ya ukuta. Ungeniuliza, Vere. Kuuliza kungekugharimu nini?

Na sijamaliza. Mgeni alipokwisha kunionyesha nikakumbuka flopi uliyonitumia baada ya Pasaka, ile picha yako nje ya kanisa uliyosema umepigwa peke yako. Nayo nimeifungua. Kwenye ile ndogo Noel yupo. Koti lake liko mabegani kwako. Mkono wake mmoja umeshika Biblia, wa pili siuoni, uko nyuma yako. Nimeitazama mpaka macho yameniuma na sijauona. Kama ningejua kufuta watu kama wewe, ningeanza na huyo.

Mnafanya kazi wawili kwenye chumba kimoja, mlango unafungwa ili mwanga usiingie. Nimekuwa nikijiambia siyo kitu. Sasa niambie wewe.

Koinet


Karatu
Jumamosi, 26 Juni 2004

Koinet,

Mama? Hebu soma tena ulichoandika. Mama yule?

Nina miaka ishirini na saba. Yule mtoto wa watu nilimkuza kwenye kompyuta kabla sijamkata mpaka nikaona kovu la nyusi, hajanifikia. Uliniambia mama yako mzazi alifariki ukiwa mdogo na baba yako akaoa tena, nikajua ameoa mtu mzima mwenzake. Mzee Metui alipokuja mnadani hapa Karatu alikuwa anatembelea fimbo! Nani angefikiri nyumbani kwake kuna mke mwenye shingo namna ile? Ulikuwa na miaka miwili ya kuniambia "mama yangu ni msichana". Hukusema. Unanipiga changa la macho halafu unauliza kuuliza kungenigharimu nini.

Ndiyo, nilimkata. Nilimwona amekuwekea mkono kichwani, wewe umefumba macho kama mtoto anayepakwa mafuta. Nikamtoa. Kisha nikaona vidole vimebaki kichwani kwako peke yavyo, bila mwenyewe, nikavitoa navyo. Kila kidole nilichofuta kiliniburudisha. Sasa nimesema.

Kuhusu Noel. Siku ya Pasaka mvua ilininyeshea, nilikuwa natetemeka, akanisitiri aibu mbele ya kwaya kwa kunipa koti. Mkono wa pili umeshika mwavuli wa mama mchungaji, na mama mchungaji yuko nyuma yangu, amefunikwa. Noel aliwahi kunitaka kabla yako, hilo nilikuambia mwenyewe, nikamkataa kwa mdomo huu huu. Nilimkata kwenye picha kwa sababu nilijua utaota mambo. Angekuwa ananifaa ningeshakuwa mama wa watoto wake miaka hii yote, nisingekaa kusubiri mtu wa ukungu.

Nilimwonyesha lile tundu la programu. Alibadilika rangi. Akaanza kuwataja wateja mmoja mmoja: yule mwalimu wa Endabash tuliyemkatia mume wa kwanza kwenye picha ya ubatizo, akampelekea wa pili flopi, yule mfanyabiashara wa Oldeani na ile picha ya Krismasi. Tangu jana anatoa picha za karatasi tu, flopi hampi mtu, na watu wanadhani amepandisha mabega.

Lakini hayo yote siyo yanayoniliza. Jumamosi ile nilikwenda Marangu. Baba akaishika picha, akaniuliza, "Huyu ndiye mama wa kijana?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Mwanawe ameinama, yeye anaangalia ng'ombe. Huyu mama hajakubali, binti yangu. Ukienda kule utakuwa mgeni mpaka unakufa." Akanirudishia. Arusi haipo, Koinet, mpaka amwone mama akikubariki. Nilimweka jirani wa chumvi pale nilipomtoa mama, na jirani wa watu alikuwa anaangalia mambo yake.

Pigeni nyingine. Nakuomba. Nitalipia kamera mimi, nitakuja mwenyewe kuipiga kama hamna mtu.

Vere


Kambini, Ngorongoro
Ijumaa, 2 Julai 2004

Vere,

Nilipata ruhusa ya siku moja nikaenda nyumbani. Nimemwomba mama tupige nyingine, amekataa. Mzee naye anasema baraka haitolewi mara mbili kama chai.

Mama aliuliza ya kwanza imekuwaje. Nilimwambia ukweli. Aliendelea kukamua.

Ni hivi. Mama mzazi alipofariki nyumba yake ilikaa tupu. Miaka mitano iliyopita Mzee alimwoa Naishorua akamweka kwenye nyumba hiyo. Kwa desturi yetu yeye ndiye mama yangu, na wewe ukija ni mama yako. Umri hauhusiki. Mwandikie mwenyewe umwombe radhi. Anasoma vizuri, alimaliza la saba. Kasaine atamfikishia.

Ya Noel nimeelewa. Sijafurahi, ila nimeelewa.

Koinet


Karatu
Jumanne, 6 Julai 2004

Mama Naishorua,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikalikuta bado lipo, basi nimeliacha.

Mimi ni Verediana, mchumba wa Koinet. Ni mimi niliyekukata kwenye picha. Sitasema mkono uliteleza. Niliona mwanamke mzuri amemwekea mchumba wangu mkono kichwani, damu ikanipanda, na kwa kuwa kompyuta haina kelele nikafanya nilichotaka. Nilidhani wewe ni msichana wa jirani na jirani ndiye mama. Hakuna aliyeniambia. Naomba radhi, na naomba kwa moyo, ingawa moyo wenyewe ni huu unaousikia.

Baba yangu amevunjika mguu, yuko kitandani Marangu, na ameikataa arusi kwa sababu ya picha niliyoiharibu mimi. Ukisimama tena mara moja tu yatakwisha. Siyo baraka nyingine, Mzee asikasirike. Ni picha. Unaweka mkono, mtu anabonyeza, unaondoa. Hata maziwa siyo lazima.

Kama unakataa kwa sababu nimekukosea, unayo haki. Nitukane, nitasoma yote. Nitakuja kukuomba mbele ya Mzee Metui na wazee wote ukitaka. Lakini usimwache baba yangu aseme naolewa bila mama, maana yeye akisema kitu hakirudi nyuma.

Koinet anasema umri hauhusiki. Kwangu unahusika kidogo, lakini nitajitahidi.

Verediana


Nainokanoka
Jumatano, 14 Julai 2004

Kwa mwanangu Verediana,

Marahaba. Nimeipokea, ingawa najua ilikukwama kooni.

Barua yako niliisoma nikiwa na ndama, nikacheka pale uliposema ulikwenda kuchota maji. Sikuwa nimekukasirikia. Mtu anayelinda kilicho chake simkasirikii. Picha sipigwi tena kwa sababu nyingine, na nitakuambia wewe peke yako, maana wewe ndiye uliyeona.

Siku ile boma zima lilikuwepo. Mzee alikuwepo, wazee wa ukoo walikuwepo, Nanyokie na chumvi yake alikuwepo. Hakuna aliyeona kitu. Waliona mama anambariki mwanawe kwa maziwa. Wewe umekaa huko Karatu, hujawahi hata kufika kwetu, ukaona. Mkono ule ulikaa kuliko ulivyotakiwa.

Kabla sijawa mama yake nilikuwa mtu wake. Nilikuwa msichana mkubwa wa miaka kumi na tisa, yeye yuko chuoni Arusha anasomea mambo ya hoteli. Akirudi likizo tunacheza ngoma pamoja, alinivalisha shanga, na alisema akimaliza masomo atamwambia baba yake anitolee ng'ombe. Baba yake alitoa ng'ombe kweli, lakini kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu nyumba ya marehemu ilikuwa haina mtu. Mzee hakujua. Nani angemwambia? Koinet hakuwepo na mimi sikuulizwa. Aliporudi likizo ya Desemba akanikuta nimenyolewa kama bibi arusi, nakamua ng'ombe wa mama yake. Akasimama mlangoni. Akaniita yeyo. Ndivyo tunavyomwita mama. Jina langu hajalitaja tena tangu siku hiyo.

Sikumgusa tena. Hata kikombe cha chai namwekea chini, anakiokota. Alipokuja kusema anaoa msichana wa Kichagga wa Karatu nilifurahi, na usiku huohuo nililia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Kisha ikaja siku ya baraka, na desturi yenyewe ikaniambia mguse. Nikamgusa. Usifikiri vibaya. Nilikuwa nakuombea wewe, nilimwomba Engai akupe watoto na ng'ombe na maneno ya kupatana na mume wako. Maneno niliyasema kwa moyo. Mkono ndio uliochelewa.

Nikipigwa picha tena utachelewa tena, au nitauondoa haraka kama mtu aliyeungua, na baba yako ambaye anajua kutazama watu ataona. Ndiyo maana nakataa.

Usimwambie Koinet kwamba nimekuambia. Muulize tu, na umwache ajibu. Akikuambia ukweli, olewa naye, ni mtu mzuri. Akikuficha, fanya unavyoona.

Jambo la mwisho. Kwetu bibi arusi akifika mlangoni mwa boma hasogei mpaka apewe mifugo. Anayempa ndama, kuanzia siku hiyo wanaitana Paashe, wote wawili, bila mkubwa wala mdogo. Nina ndama wangu jike, mwekundu, Mzee alinipa mwenyewe. Nitakupa huyo. Hutakuwa na haja ya kuniita mama.

Naishorua


Karatu
Jumanne, 20 Julai 2004

Koinet,

Nina swali moja, na Kasaine nimemwambia asirudi mikono mitupu.

Naishorua alikuwa nani kwako kabla hajaolewa na baba yako?

Verediana


Karatu
Jumanne, 3 Agosti 2004

Mama Naishorua,

Shikamoo. Hii ndiyo shikamoo ya mwisho, ukishanipa ndama utaitafuta.

Nilimuuliza. Barua yake ilipofika nilifunga mlango wa studio nikapiga magoti kabla ya kuifungua, nikamwomba Mungu amfanye aseme ukweli. Amesema. Amesema wote, tangu ngoma ya kwanza mpaka pale mlangoni. Hajakusema vibaya wewe wala baba yake. Kuna na jambo ambalo wewe hukuniambia, labda hujui: alipokwisha kukuita yeyo alitoka akatembea kwa miguu mpaka Bulati, hana shughuli yoyote Bulati, akafika akanunua soda, akarudi. Anasema alipokutana na mimi alikuwa ameshajiambia hatapenda tena, na kwamba nimemkosesha. Nalishikilia hilo neno.

Nilidhani akisema ukweli nitatulia. Lakini ameandika kurasa nne, mbele na nyuma, Naishorua. Nimetoa barua zote alizowahi kuniandikia, za miaka miwili, nikazipanga kitandani. Hakuna hata moja inayozidi ukurasa. Za kuniposa zenyewe ni nusu. Nikatamani angeniongopea kwa mistari mitatu kama kawaida yake, tukaendelea na maisha. Noel alinikuta macho mekundu nikamwambia ni dawa za kuoshea picha, akajifanya ameamini.

Kuhusu baba. Picha kubwa ya kabla sijaikata haipo tena, tumetafuta kila mahali. Ilibaki ile ndogo iliyojificha. Ukiikuza inageuka vigae vya rangi, hujui mtu wala mbuzi. Nikaitoa hivyohivyo ilivyo, ukubwa wa stempu, nikapanda nayo Marangu. Nilimwambia baba kwamba yule wa kwanza alikuwa jirani na kosa lilikuwa langu. Hakuuliza kosa gani, ananijua. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani penye mwanga, akakaa nayo.

Akasema, "Huyu sawa. Hebu ona mkono wake ulivyotulia. Mama akibariki kwa shingo upande mkono hautulii hivi." Akamwita mama yangu naye aje aone. Mama akasema kweli, huyu anampenda mtoto wake. Wakanitazama wote wawili wamefurahi. Nikasema ndiyo, baba. Ningesema nini?

Kwa hiyo arusi ipo. Nitaolewa naye kwa sababu alisema ukweli, na kwa sababu nampenda, na kwa sababu siwezi kumwachia mtu mwingine yeyote chini ya jua. Sikufichi, nina wivu na wewe. Nilikuwa nao nilipodhani wewe ni msichana wa jirani, nikauficha nilipoambiwa wewe ni mama, na sasa ninapojua wewe ni nani ndiyo umekaa kabisa. Sina ninachokulaumu. Ungekuwa na kosa ningepata nafuu.

Ndama nitampokea. Ni tarehe kumi na nane Septemba, kanisa la Kilutheri hapa Karatu, saa nane mchana. Njoo na Mzee Metui. Nimekuwekea kiti cha mbele karibu na mama yangu, na Noel nimemkataza kukuelekezea kamera. Nitakukumbatia mbele ya watu wote, na watakaosema mkwe wake ni mdogo kuliko yeye nitawajibu mimi. Kula, cheza, wafundishe dada zangu kuruka mnavyoruka.

Na jioni, Paashe, magari yakianza kuondoka, nakuomba upande la kwanza, usitungoje.

Verediana